Historia ya mashine za shambani kwenye mkutano wa klabu, Malindi: mwongozo kamili wa kuuandaa

Klabu za huduma, kama Rotary na Lions, hupenda kumwita mgeni mzungumzaji: leo daktari wa macho, juma lijalo afisa wa benki, juma la tatu mtu wa bima. Pendekeza historia ya mashine za shambani, na wanachama watatazamana. Mji wa Malindi, watakuambia, unaishi kwa utalii na samaki. Lakini toka kidogo nje ya mji, pita Ganda, Kakuyuni na Jilore, au vuka daraja la Sabaki uingie Mambrui, Gongoni na Marafa. Wanaosubiri msaada wa klabu yako huko ni wakulima, na msaada wenyewe mara nyingi ni mashine: pampu ya maji, mashine ya posho ya kusaga unga, mashine ya kupukuchua mahindi, na mfadhili akipatikana hata trekta. Tunagawa mashine bila kujua mashine zimewatenda nini watu waliotutangulia.

Mwongozo huu ni wa kuandaa mkutano mmoja tu, kuanzia swali hadi kumbukumbu. Nimemwandikia katibu au mratibu wa mada, kwa kuwa ndiye atakayeachiwa kazi yote.

Anza na swali, mgeni atafuata

Mkutano wa historia huharibika pale mzungumzaji anapopewa kichwa kipana na dakika 40. Atasoma miaka kutoka kwenye karatasi, watu watapiga makofi ya adabu, na chai itakuwa ndiyo jambo lililokumbukwa. Mpe swali. Mimi hupendekeza hili: mashine ilipofika, kazi ya nani ilipungua, na kazi ya nani iliongezeka?

Swali hili linafaa kwa sababu kila mwenye shamba ana jibu lake. Trekta ikiingia shambani asubuhi, kufikia adhuhuri ekari kadhaa zimegeuzwa. Baba amepumzika. Wiki tatu baadaye magugu yameota ekari zote hizo, na palizi bado ni ya jembe la mkono, na mwenye jembe ni mama. Liandike swali hilo kwenye mwaliko, libandike ukutani siku ya mkutano, na umkumbushe kila mzungumzaji kwamba hilo ndilo atakaloulizwa.

Siku na saa

Usiite mkutano huu Aprili. Masika yakianza, madereva wa trekta hawapatikani kwa simu wala kwa maombi, na wakulima wako kwenye mbegu. Februari ni mwezi mzuri, jua ni kali na ardhi imekauka, watu wanafyeka na kusubiri mvua, na mazungumzo ya kulima yako midomoni mwa kila mtu. Angalia kalenda ya Kiislamu kwanza, maana Ramadhani huingia Februari miaka mingine.

Jumamosi inashinda siku zote. Anza saa kumi na robo, watu wakiwa wameshaswali alasiri, umalize kabla ya saa kumi na mbili na robo ili magharibi isiwakute katikati ya maswali. Hizo ni saa mbili kamili na zinatosha. Mkutano wa usiku baada ya isha unapendwa na wanachama wa mjini, lakini mzee wa kutoka Marafa atarudi na nini usiku?

Mahali

Hapa nina msimamo. Mkutano huu usifanyike hotelini. Paul Harris na wenzake walipoanzisha Rotary kule Chicago mwaka 1905 walikutana kwa zamu, leo ofisini kwa huyu, kesho kwa yule, ili kila mmoja aone kazi ya mwenzake. Desturi hiyo ilikuwa na akili kuliko viti vyetu vya vitambaa vyeupe. Tafuta gereji yenye uwanja, karakana ya fundi wa kuchomelea, ua wa chama cha ushirika, au shule iliyo na shamba. Unahitaji kivuli cha mwembe au turubai, viti vya kukodi, choo, maji ya kutawadha, na nafasi ya trekta moja kusimama na kugeuka. Mwenye gereji asiombwe bure tu. Mpe dakika 5 aeleze kazi yake, na hilo atalithamini kuliko bahasha.

Alasiri ya Malindi haina huruma kwa projekta, picha haitaonekana. Chapisha picha 6 au 7 kubwa, uzibandike kwenye kadibodi zipitishwe mkono kwa mkono. Umeme ukikatika hutahangaika.

Wazungumzaji watatu badala ya mmoja

Wa kwanza ni dereva au fundi wa zamani wa trekta. Wa pili ni mama anayelima, na simaanishi mwenyekiti wa kikundi cha kina mama aliyezoea kipaza sauti. Namaanisha mama ambaye mikono yake imepalilia, imepura, imetwanga na kupepeta. Wa tatu ni mwalimu wa historia au mtu wa kilimo, atakayeunganisha mambo ya hapa na ya ulimwengu. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, mwendo wa saa moja na kitu kwa matatu, na kilitokana na taasisi ya kilimo iliyokuwa hapohapo, kwa hiyo watu wa kilimo wapo. Makumbusho ya Malindi nayo ni mahali pa kubisha hodi unapotafuta picha na mtu wa kukuelekeza.

Mzee haitwi kwa ujumbe wa simu. Nenda kwake, ukiwa na mtu anayemfahamu, upige hodi, ukae, maji yaletwe, habari za watoto na mvua ziishe. Kisha sema wazi: "Baba, tumesikia ulianza kuendesha trekta zamani. Tunaomba uje uwaeleze wanetu ilivyokuwa." Mweleze ataongea kwa muda gani na kwamba atapelekwa na kurudishwa. Akipendelea Kigiriama, basi aongee Kigiriama, nawe utafute wa kutafsiri. Mzee anayelazimishwa Kiswahili cha mkutano huishia kutoa shukrani kwa viongozi na kuketi.

Fanya mahojiano ya awali siku hiyohiyo. Usimwulize mwaka. Mwulize kama ilikuwa kabla au baada ya Uhuru, kabla au baada ya ukame wa 1984, kabla au baada ya mvua za El Niño za 1997. Mwulize trekta ilikuwa ya nani, ilikodishwa kwa nini, ikiharibika spea zilitoka wapi, na mwisho wake iliishia wapi. Hilo la mwisho ndilo lenye dhahabu. Omba ruhusa kabla ya kurekodi, na umwambie rekodi itahifadhiwa wapi.

Mada yenyewe: miaka na mashine za kutaja

Mwalimu wako atahitaji mfululizo mfupi. Haya ndiyo ningempa, kwa mpangilio huu.

Anza na vilivyokuwepo hapa: muo wa kuchimbia mashimo ya mbegu, jembe la mkono, mundu, kinu na mchi, uteo wa kupepetea. Kwa mafuta ya ufuta, Lamu na Zanzibar zilikuwa na vinu vilivyozungushwa na ngamia. Plau ya ng'ombe, iliyoenea Ukambani na Nyanza, haikukita mizizi karibu na misitu ya Pwani. Sababu kubwa ni mbung'o: palipo na nagana, ugonjwa wa mifugo wanaoueneza, ng'ombe wa kukokota hawadumu. Kwa hiyo sehemu nyingi za huku ziliruka kutoka jembe la mkono hadi trekta bila kupitia ng'ombe, na pengo hilo linaeleza mengi. Kijana wa Ukambani alikua akiona baba yake akirekebisha plau, akijua chuma kinavyokaa ardhini. Huku trekta ilikuja kama mgeni, na dereva wake pia.

Kisha nenda Uingereza mwaka 1701, kwa Jethro Tull na mashine yake ya kupandia mbegu kwa mistari. Watu humtaja kwa kupanda, lakini faida kubwa ya mistari ni palizi: palipo na mistari, jembe linalokokotwa na farasi laweza kupita katikati. Mwambie mwalimu akae hapa kidogo, maana jambo hili litarudi.

Mwaka 1786 Andrew Meikle wa Uskoti alitengeneza mashine ya kupura nafaka. Ilikuwa mashine nzuri, na ilileta vita. Kupura kwa mkono ndiko kulikowapa vibarua wa mashambani ujira wa miezi ya baridi, na mashine zilipoenea, walibaki bila chochote. Mwaka 1830, kuanzia jimbo la Kent, walizivunja kwa nyundo na kuchoma mazizi, wakiacha barua zilizotiwa sahihi ya "Captain Swing", mtu ambaye hakuwepo. Wasikilizaji wa Malindi huwaelewa vibarua hao mara moja.

Marekani, Eli Whitney alipata hataza ya mashine ya kuchambua pamba mwaka 1794. Mtu angedhani mashine inayotenganisha mbegu na nyuzi ingewapunguzia watumwa kazi. Ilikuwa kinyume. Pamba ikawa na faida kubwa, mashamba yakaongezeka, na watumwa nchini humo wakatoka takriban 700,000 mwaka 1790 hadi karibu milioni 4 mwaka 1860. Kama kuna wanachama kutoka Lamu, wa Mpeketoni, Hindi au Witu ambako pamba bado inalimwa, waombe waeleze ni nani huichuma huko, na kwa malipo gani.

Mwaka 1831 Cyrus McCormick alionyesha mashine yake ya kuvunia ngano huko Virginia. Aliyemsaidia kuiunda alikuwa Jo Anderson, mtumwa wa familia yake, na jina hilo litamkwe mkutanini. Mwaka 1837 John Deere alitengeneza plau ya chuma kilichong'arishwa kwa sababu udongo mzito wa Illinois ulikuwa ukigandamana na plau za kawaida. Yeyote aliyelima tope la kando ya Sabaki atajua tatizo lenyewe, na mwalimu asikawie hapo. McCormick alihamia Chicago mwaka 1847 na kujenga kiwanda. Hapohapo, tarehe 3 Mei 1886, polisi waliwafyatulia risasi wafanyakazi waliokuwa nje ya kiwanda hicho wakati wa mgomo mkubwa wa kudai siku ya kazi ya saa 8. Kesho yake ikatokea fujo ya Haymarket, na kutokana na hayo dunia ikapata sikukuu ya Mei Mosi. Chicago ndipo pia ilipozaliwa Rotary mwaka 1905 na Lions mwaka 1917. Mji mmoja ulitupa kiwanda cha mashine za kuvunia, Mei Mosi na klabu za huduma. Mwenyekiti anayetaka kuhusisha mada na klabu hahitaji kutafuta zaidi.

Sasa rudi nyumbani. Wakati mashine za McCormick zikifyeka ngano Marekani, Malindi nayo ilikuwa inasafirisha nafaka. Mji ulifufuliwa miaka ya 1860 chini ya Sultani wa Zanzibar, mashamba ya mtama na ufuta yakaenea nje yake, na majahazi yakabeba mazao kwenda Zanzibar na Arabuni. Hakukuwa na mashine. Aliyelima, aliyevuna na aliyepura alikuwa mtumwa, na utumwa haukufutwa kisheria Pwani ya Kenya hadi 1907. Ulipoisha, mashamba yalikosa mikono, na serikali ya kikoloni ikawatazama Wagiriama kama vibarua. Msukumo huo wa vibarua, pamoja na kodi na mpango wa kuwahamisha kutoka kaskazini ya Sabaki, ni sehemu ya chanzo cha vita vya Wagiriama na Waingereza vya 1914, na cha harakati za Mekatilili wa Menza, mama aliyewahimiza Wagiriama kupinga ukoloni, kabla yake.

Trekta iingie baada ya hapo. John Froelich wa Iowa alitengeneza trekta ya petroli iliyoweza kwenda mbele na nyuma mwaka 1892. Henry Ford alianza kuzitoa Fordson kwa wingi mwaka 1917. Mwaka 1924 ikaja Farmall, yenye magurudumu yaliyopangwa ili iweze kupita katikati ya mistari na kupalilia bila kukanyaga mazao. Hapa mwalimu amrudie Tull. Mashine ya kupunguza palizi ya mama imekuwepo kwa miaka 100, lakini haina maana shambani ambako mbegu zimetawanywa, au mahindi, kunde na mihogo vimechanganywa kila mahali. Kamba na vigingi viwili vya kupandia kwa mistari ndiyo hatua ya kwanza, na vinapatikana dukani leo.

Harry Ferguson wa Ireland ya Kaskazini ndiye aliyetatua jambo lililokuwa likiua madereva. Plau ikikwama kwenye jiwe lililofichika, trekta za zamani ziliinuka mbele na kumpindukia dereva. Ferguson aliunganisha plau na trekta kwa mikono mitatu na kuidhibiti kwa haidroliki, ili uzito wa plau na ukinzani wa udongo vikandamize trekta chini badala ya kuiinua. Alikubaliana na Ford kwa kupeana mkono tu mwaka 1938. Trekta yake ya TE20, iliyotengenezwa Coventry kati ya 1946 na 1956, ilitoka zaidi ya 500,000, na kampuni yake ilipoungana na Massey-Harris mwaka 1953 likazaliwa jina ambalo mzee yeyote wa hapa atakutajia: Massey. Ardhi yetu ya karibu na bahari imejaa mawe ya matumbawe chini ya mchanga. Mwulize dereva wako mzee kama aliwahi kukwama juu ya jiwe, kisha nyamaza umsikilize.

Usikose habari ya Kongwa. Mwaka 1947 Waingereza walianza kulima karanga Tanganyika, wakipanga ekari zaidi ya milioni 3. Walileta matrekta ya mitumba, mengine mabaki ya vita kutoka Ufilipino, na hata vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa trekta. Spea hazikuwepo, mafundi walikuwa wachache, mvua ilipungua, na udongo wa Kongwa kiangazi ukawa mgumu kama saruji. Mradi ulifutwa mwaka 1951 baada ya kupoteza takriban pauni milioni 36. Bandari ya Mtwara ni mojawapo ya vitu vichache vya maana vilivyobaki.

Karibu na sisi kuna Magarini. Mwishoni mwa miaka ya 1970 serikali ya Kenya, kwa msaada wa Australia, ilianza mradi wa makazi huko. Vichaka vilisafishwa kwa mashine nzito, na tatizo la maji likausumbua mradi tangu mwanzo. Wazee wengi wa Magarini wanakumbuka tingatinga hizo. Usisome historia hii kutoka kwenye karatasi, waite waliokuwepo.

Umalizie na mashine ya posho. Mimi naiona kuwa ndiyo mashine muhimu kuliko zote zilizofika vijijini kwetu, na inasikitisha kwamba kila anayezungumzia mashine za shambani hukimbilia trekta. Injini za Lister kutoka Dursley, Uingereza, zenye gurudumu zito na mwendo wa mizunguko kama 600 tu kwa dakika, zilisaga mahindi vijijini huku mlio wake ukisikika kabla hujaliona jengo. Ziliondoa mchi mikononi mwa wasichana. Hapa ndipo mama mzungumzaji achukue kipaza sauti.

Vitu vya kushika, na mpaka wa kusimama

Weka mezani jembe, muo, mundu, uteo, kipande cha diski ya plau iliyochakaa na nozeli ya dizeli. Watu wazima hushika vitu kama watoto wakipewa ruhusa. Diski iliyoliwa na mchanga hueleza gharama ya kulima bila hotuba yoyote.

Trekta ikiletwa, ije mapema, izimwe, breki ivutwe, plau ishushwe chini, na ufunguo awe nao dereva mfukoni. Ukitaka kuonyesha shafti ya nyuma inayozungusha mashine, ile mafundi huiita pi-ti-o, basi funga kamba mita 10 kuizunguka na asiivuke mtu. Shafti hiyo huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kila sekunde. Kanzu, buibui, leso na kikoi ni nguo za hatari kuliko zote karibu nayo: ikishika pindo, humvuta mtu kabla hajapiga kelele. Kama kifuniko cha shafti hakipo, isiwashwe kabisa. Hili halina mjadala, hata mwenyekiti akisisitiza.

Jaribio la mita kumi kwa kumi

Kama kuna ardhi, pima kwa kamba kipande cha mita 10 kwa 10. Mpe mtu mmoja jembe, shika saa. Ekari ni mita za mraba 4,047, kwa hiyo kipande hicho ni kama sehemu moja ya 40 ya ekari. Zidisha dakika kwa 40 na utangaze jibu. Kisha dereva aseme trekta yake hutumia muda gani kwa ekari na hutoza shilingi ngapi. Kijana atakayejitolea kulima awe amekula, na apewe soda. Jaribio lifanyike mwanzoni, watu wanapowasili, ili wanaochelewa wajue kuna kitu walichokikosa.

Ajenda ya saa mbili

Kengele na dua, kisha salamu, dakika 10. Taarifa za klabu zisizidi dakika 10, na kama mna desturi ya sajenti kutoza faini za mzaha, atoze siku hiyo wale ambao hawajawahi kushika jembe, pesa ziende kwenye mafuta ya gari lililowaleta wazee. Mzee dakika 20. Mama dakika 20. Mwalimu dakika 20, na aje wa tatu, si wa kwanza, ili miaka na majina viangukie juu ya mambo ambayo watu wameshayasikia. Maswali dakika 25, uamuzi dakika 10. Dakika 5 zilizobaki ni za mwenye gereji.

Chakula kitolewe mwisho: mahamri, mbaazi, viazi karai, chai ya tangawizi. Ukianza nacho, nusu ya watu wataondoka wameshiba.

Kuhusu fedha, vitu vinne vinatosha kwenye bajeti: usafiri wa wazee, viti na turubai, chakula, na kuchapisha picha. Kipaza sauti cha betri kiazimwe shuleni au msikitini.

Maneno magumu yatakapotoka

Utumwa ukitajwa Malindi, ndani ya mkutano kuna watu ambao babu zao walimiliki, na wengine ambao babu zao walimilikiwa, na mara nyingine ni watu wa familia moja. Mwenyekiti aandaliwe mapema. Aruhusu mambo yasemwe kama yalivyokuwa, asiruhusu mtu aliye hai aulizwe ukoo wake hadharani. Suala la ardhi ya Magarini nalo litaibuka, na huenda likawa na hasira. Lipokee, liandikwe kwenye kumbukumbu kwa maneno ya aliyesema, na iwekwe wazi kwamba klabu haina mamlaka ya hatimiliki. Kumkatisha mzee kwa kumwambia "hilo si la leo" ni kumfukuza kwa adabu.

Ole wako pia akija mgombea wa kiti fulani. Asalimie tu kutoka alipoketi.

Uamuzi

Klabu isiondoke bila kuamua jambo moja. Rudia swali lililo ukutani na upitishe maombi ya mashine yaliyo mezani kwa katibu. Kwa kila ombi uliza: fundi wake ni nani na anakaa wapi, spea ya kwanza kuharibika ni ipi na inauzwa duka gani, mafuta yatanunuliwa na nani mwezi wa nne, na itakayoongezeka ni kazi ya nani. Ombi lisilo na majibu manne lirudishwe kwa heshima, likiwa na maelezo ya kinachokosekana. Huenda mkagundua kwamba kikundi kilichoomba trekta kinahitaji zaidi mashine ya kupukuchua ya kuzungushwa kwa mkono, au kamba za kupandia na mafunzo ya siku moja. Wanachama wengine hawatafurahi, kwa kuwa kamba hazipigiwi picha za kukabidhi.

Baada ya mkutano

Kumbukumbu ziandikwe ndani ya siku 3, kwa Kiswahili, na majina ya wazungumzaji yaandikwe jinsi wenyewe wanavyoyaandika. Rekodi za mzee na mama zinakiliwe mara mbili: nakala moja ya klabu, nyingine wapelekewe wenyewe kwa watoto wao. Wakikubali, wapelekee pia watu wa makumbusho wakiwa tayari kuipokea. Faili ipewe jina la mahali, jina la msemaji na tarehe, maana faili iitwayo "sauti mpya 14" haitapatikana tena na mtu yeyote. Mratibu wa mada arudi kwa mzee ndani ya wiki mbili, awe na picha iliyochapishwa na majibu ya jambo lolote aliloliuliza mkutanini likakosa jibu.